Siku Kompyuta Ilipouliza Mama ni Nani

Madaftari yalipoanikwa juu ya mkeka nilijua hayatasomeka tena. Mvua ya mwaka ule, ile iliyovunja madaraja na kuifanya barabara ya Miritini ziwa, ilipenya paa la zahanati yetu ya Likoni ikaingia hadi kabatini. Wino ulikuwa umetembea. Kurasa zimeshikana kama chapati zilizopangwa zikiwa moto. Ndani yake mlikuwa na kila mtoto aliyepimwa uzito kwetu tangu zahanati ifunguliwe: jina lake, la babake, la babu yake, siku aliyozaliwa, sindano alizodungwa na zilizobaki.

Mimi nilikuwa mtu wa mzani. Kabla ya hapo nilikuwa mkunga wa majumbani, kazi niliyoachiwa na shangazi yangu, na zahanati ilipoanza miaka ya themanini wakaniita nikae pale kwa kuwa akina mama walinizoea. Shule sikwenda. Nilisoma Kurani chuoni kwa maalim, nikahitimu, na herufi hizi ninazoandikia nilijifunza ukubwani kwenye darasa la ngumbaru nikiwa na watoto wanne. Naandika polepole. Lakini jina nikishalisikia halitoki. Mtoto niliyempokea namjua, namjua mamake, najua alizaliwa mfungo gani au masika gani. Humu sitataja jina la mtu, maana wengi wako hai na ugonjwa wa mtoto ni siri ya mamake. Msidhani nimesahau.

Mwenyekiti wa jumuiya iliyokuwa na zahanati yetu, mzee mpole mwenye maduka mawili ya nguo, alisimama juu ya mkeka ule akashika kiuno.

"Bi Mkubwa," akaniambia, "haya yaliyofutika, wewe unayo kichwani?"

"Niulizeni."

Basi nikakaa wiki tatu nikisema majina, na aliyeandika ni mwanangu wa mwisho, binti. Alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja ya mizigo bandarini, na jioni alisomea kompyuta mjini. Siku ya mwisho alifunga daftari akaniuliza, "Mama, na wewe ukilowa je?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumuiya ilikuwa na zahanati tatu: yetu, ya Kisauni na ya Changamwe. Kila moja na madaftari yake. Mwanamke akihama Likoni kumfuata mume Kisauni alianza upya kama mtu aliyeshuka kutoka mbinguni, wakimuuliza mtoto kadungwa nini, atajibu, "Kadungwa pajani." Mwanangu akaenda mbele ya kamati na shauri lake. Kulikuwa na kompyuta tatu kuukuu zilizotolewa sadaka na ofisi iliyokuwa ikinunua mpya. Alitaka moja ikae Changamwe, juu, ambako maji hayafiki, iwe ndiyo ghala la rekodi zote. Likoni na Kisauni ziwe zinaliuliza ghala lile kwa njia ya simu na kujibiwa hapo hapo.

Katika kamati mlikuwa na karani mstaafu wa bandari, mtu aliyepiga pasi hata kola ya fulana. Yeye alitaka madaftari mapya na kabati la chuma.

"Ajabu ya dunia," akasema. "Binti ya mkunga anataka kuzalisha kompyuta."

Nilikuwa nimeshika sinia la chai. "Ikizaliwa tutakuletea uiadhinie sikioni," nikamwambia, na kamati nzima ikaangua kicheko, naye akakohoa kohoa.

Wakamkubalia kwa masharti. Afanye, na wao waione ikifanya kazi kabla ya Ramadhani kuingia. Ikiwafaa, wataitumia zahanati zote na kumwajiri yeye. Isipowafaa, kompyuta zitapelekwa kwingine na maneno yaishe. Mwanangu akaacha kazi yake bandarini. Wiki ileile kiti chake kikapata mwingine. Kwa hiyo alikuwa hana pa kurudi, na mtaa mzima ulijua.

Siku moja nachambua mchele, nikamwambia anieleze hicho kitu chenyewe.

"Unalijua dirisha la posta?" akasema. "Wewe uko nje. Huingii, huyaoni masanduku. Unasema unachotaka, na wa ndani anakuletea. Basi mimi nalitengeneza dirisha, na huyo wa ndani namtengeneza pia."

"Na huambiwa kwa maneno gani?"

"Mawili tu kwa kuanzia. Weka, na leta."

"Kwa Kiswahili?"

"Mimi ndiye ninayemfundisha, Mama. Atajua ninachomwambia."

"Na nikimwomba mtoto asiyekuwamo?"

"Atakwambia hayumo."

"Vivi hivi? Hayumo?"

Akafikiri. "Atasema, Samahani, hayumo."

"Haya. Huyo ana malezi."

Siku hizi nasikia dirisha kama hilo vijana wanaliita API, na wanalitengeneza kabla chai haijapoa. Yeye ilimchukua miezi mitano, na nusu ya miezi hiyo ilikuwa ni safari za feri kwenda Changamwe na kurudi, kwa maana mashine ya kule ikigoma, hakuna wa kuisemesha ila yeye. Simu ya zahanati aliichomeka kwenye kisanduku kilicholia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha kikanyamaza, na unyamavu ule ndio uliokuwa habari njema, kwamba mashine zimeshasikizana. Siku ya kwanza alipoandika pale Likoni "leta" na jina la mtoto, na jina lile likaja kutoka Changamwe na uzito wake na sindano zake, nilimwita sista aje aone. Sista wetu alikuwa mtu wa bara, mwanamke mrefu, mchapa kazi, hana mzaha.

"Imejua aje?" akauliza.

"Imeambiwa," mwanangu akasema, "na haikusahau."

Likatokea tatizo dogo. Wauguzi walikuwa wakisahau kwamba mtoto kashawekwa, wakamweka tena. Mtoto mmoja akawa wawili humo ndani. Mwanangu akafanya hivi: majina matatu yakifanana, yaani la mtoto, la baba na la babu, na mwezi wa kuzaliwa ukawa uleule, basi ni mtoto yuleyule, na maandishi mapya yakalie yale ya zamani, yayafute. Tuliona ni akili. Hata mimi niliona ni akili, na mimi ndiye niliyepaswa kuona zaidi.

Kwa sababu huku kwetu mwanamume mwenye wake wawili, kila nyumba ina kifungua dume wake, mtoto wa kwanza wa kiume, na kifungua dume huchukua jina la babu mzaa baba. Nyumba kubwa ina wake, nyumba ndogo ina wake. Mtaani hatuoni shida. Tunasema yule wa fulani na yule wa fulani, tukitaja mama. Alikuwapo mtu mmoja wa Mtongwe, fundi wa kuchomelea vyuma. Mke mkubwa, aliyekuwa Likoni, alimzalia mabinti watano mfululizo. Mke mdogo, huyo mume alimpangia chumba Kisauni. Mwaka ule wote wawili wakajifungua wanaume, mwezi mmoja. Babu mtu alikuwa hai bado, akafurahi akasema wote wawili ni yeye, asibaguliwe hata mmoja. Wakapewa jina lake wote. Jina moja, baba mmoja, babu mmoja, mwezi mmoja.

Enzi za madaftari wasingekutana kamwe, mmoja katika kabati la Likoni na mwengine la Kisauni. Sasa ghala lilikuwa moja.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, siku ya sindano. Mke mkubwa kaja na mwanawe, nami nikamtia kwenye mzani, nikamsomea uzito sista. Sista akaandika "leta", akasoma kioo, akafungua kichupa.

"Sista, ngoja," nikasema. "Huyu sindano hii haimfai."

"Nyanya, hapa inasema ya kwanza alipata vizuri. Hakuna neno."

"Alipata degedege. Alikakamaa mikononi mwangu hapa hapa, wewe ulikuwa likizo kwenu. Muuguzi wa zamu akaandika asidungwe tena ile."

"Kompyuta haisemi hivyo."

"Kompyuta haikumshika."

Sista akamgeukia mama mtu. "Mama, ni kweli mtoto alipata degedege?"

"Ni kweli," akasema kwa sauti ndogo.

"Na mbona huniambii?"

"Nilidhani mmeona wenyewe kwenye hicho kioo. Kwani si chajua kila kitu?"

Sista akaiweka sindano chini. Akasoma kioo upya, mara hii neno kwa neno. Uzito uliokuwamo ulikuwa wa mtoto mnene. Mahali: Kisauni. Yule wa nyumba ndogo aliwekwa wiki mbili nyuma, akamkalia nduguye, na nduguye akatoweka kana kwamba hakuzaliwa.

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imeshavuka maji. Karani mstaafu alikuja na feri ya saa nane, kola imesimama. "Imemla mtoto," akasema mlangoni. "Nilisema mimi. Daftari halili mtu." Mwenyekiti akaita kikao palepale kwenye benchi. Walinong'ona kitambo. Kisha akamwambia mwanangu, si kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza: "Binti yangu, Jumamosi ya wiki ijayo. Tutakuja kuijaribu sisi wenyewe. Ikikosea mara moja tu, tutanunua madaftari, na tusilaumiane."

Nyumbani hakula. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mikono mashavuni.

"Ningemuua mtoto wa watu, Mama."

"Hukumuua. Njoo ule."

"Nilidhani majina matatu yanatosha."

"Ukisimama sokoni Kongowea ukaita jina la babako," nikamwambia, "watageuka wangapi?"

"Kumi."

"Na wewe huunyoshi mkono ukamkamata wa kwanza ukaenda naye nyumbani. Unauliza, wewe ni wa mama gani? Basi huyo wa ndani wako mfundishe adabu hiyo. Akiitwa jina, awatoe wote, kisha aulize."

Alininyanyulia uso. Kisha akainuka akafuata kalamu, na wali ukabaki pale.

Akataka kutia jina la mama. Alipofungua rekodi akakuta kioja, na kioja hicho tulikifanya wenyewe kwa miaka. Kila mama aliandikwa kwa jina la mtoto aliyempakata: Mama Fulani. Kwa hiyo yule wa Likoni ni Mama Fulani, na mke mwenzake wa Kisauni ni Mama Fulani, Fulani yuleyule! Ukiuliza mama ni nani, unajibiwa kwa jina la mtoto unayemtafuta.

"Lakini hawa wana majina yao," mwanangu akasema. "Nani ayajuaye?"

"Niulize."

Siku nne nilikaa naye. Yeye anasoma mtoto, mimi nasema mama: jina alilopewa na babake, na babake ni nani, na katoka wapi. Tulipokuwa tukipita hivyo, nikawa namsimamisha. "Hapa pana mmoja, na walikuwa wawili." "Hapa pia." Jozi saba zaidi tulizipata zimekaliana, na kila aliyefunikwa tukamfukua kutoka kichwani mwangu. Wa Kisauni na Changamwe sikuwajua wote, na hapo ndipo sista aliponishangaza. Alivua aproni akasema, "Nipeni hizo karatasi," akapanda feri, akaenda kusimama kwenye foleni ya Kisauni, kisha ya Changamwe, kuwauliza wanawake mmoja mmoja. Alirudi jioni sauti imekauka.

"Nyanya, hawa watu wenu! Namuuliza mama, jina lako nani, anacheka. Anafunika uso na leso. Mmoja kaniambia, Jina langu mimi? Hilo sijaulizwa tangu siku ya nikahi."

Mwanangu aliongeza na jambo lake mwenyewe. Alisema hata akina mama wanaweza kufanana majina, na kweli wanafanana. Basi kila mtoto atapewa namba siku anapowekwa kwa mara ya kwanza, iandikwe juu ya kadi atakayopewa mamake, na namba hiyo isipewe mwengine milele, hata mwenyewe akihama, hata akifa. Jina ni la kumtafutia. Namba ndiyo yeye. Na maandishi hayatakalia mengine ila namba iwe ileile.

Jumamosi ikafika. Kamati ilikaa ndani, akina mama wakajazana dirishani na watoto migongoni, maana mke mkubwa alikuwa amewatangazia. Mwanangu alivaa buibui jipya. Kisanduku kikalia kilio chake, kikanyamaza, na wote tukapumua.

Karani mstaafu alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika mitego yake kwa mwandiko mzuri. Akakaa mwenyewe mbele ya kibodi, akawa anatafuta herufi kwa kidole kimoja, na dirishani mtu akasema, "Polepole, mzee, usiitekenye."

Mtego wa kwanza ulikuwa jina la kubuni. Kioo kikajibu: Samahani, hayumo.

"Hmm," akasema karani. "Ina heshima."

Mtego wa pili ulikuwa jina la wale ndugu. Nilimwona mwanangu akishika ukingo wa meza. Karani akabonyeza. Tukangoja. Simu ile ilikuwa ya taratibu, ungeweza kusoma Fatiha ukamaliza. Kisha mistari miwili ikatokea, mmoja chini ya mwengine, jina moja, na chini yake swali: Mama yake ni nani?

Karani akageuza kichwa kuelekea dirishani. "Mama, jina lako?"

Mke mkubwa akalitaja. Akalitaja na la babake. Karani akaliandika, kidole kwa kidole, na mtoto akaja: namba yake, uzito wake ule mdogo, na mstari wa mwisho.

"Imesema nini?" mama mtu akauliza, kwa kuwa hakujua kusoma.

Sista akausoma kwa sauti ya kusikika barabarani. "Alipata degedege. Sindano hii asidungwe tena."

Kigelegele alichopiga mwanamke yule kilimwamsha kila mtoto aliyekuwa pale. Wenzake wakampokea. Karani alisubiri kimya kirudi, hakuwa mtu wa kushindwa na kelele. Katika mtego wake wa tatu alimweka mtoto mwengine kabisa, jina lilelile, baba yuleyule, babu yuleyule, mahali pa mama akapaacha patupu. Akabonyeza "weka" kwa nguvu, kama mtu anayepiga muhuri.

Kioo kikasema: Sikumweka. Jina la mama halijaandikwa.

"Kwani mimi nikimleta mjukuu wangu mwenyewe," karani akamwuliza mwanangu, "bila mamake, itanikatalia?"

"Itakuuliza mamake ni nani, mzee."

"Na nikisema simjui?"

"Basi itakuwa haki yetu kuuliza huyo mtoto umemtoa wapi."

Mwenyekiti alicheka hadi akavua kofia akajifuta macho. Karani aliinamisha kichwa akaikunja karatasi yake mara nne, akairudisha mfukoni. Akainuka, akakisogeza kiti, akamwashiria mwanangu akikalie. "Wajukuu wangu wanne wako Changamwe," akasema. "Waandike. Majina ya mama zao nitakwenda kuuliza."

"Jumatatu uje na vyeti vyako," mwenyekiti akamwambia mwanangu. "Tuandikiane kazi kabla mwezi haujaandama."

Nilikwenda nikasimama nyuma ya kiti chake, mkono begani kwake, na bega lilikuwa linaruka kwa kicheko au kwa kilio, sikumwuliza. Dirishani wanawake walikuwa wameshajipanga bila kuambiwa. Kila mmoja alitaka kuhakikisha kwamba yumo.

Wa kwanza alikuwa muuza samaki wa kukaanga wa pale Timbwani, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la mwanawe mkubwa tu.

"Jina lako?" sista akamwuliza.

Akajitengeneza leso, akalisema, la kwake, la babake na la babu yake. Wa pili akasema la kwake kwa sauti kubwa kuliko wa kwanza. Wa tatu akasahihishwa na mwenzake kwamba amelisahau la babu, wakabishana, wakacheka, akalisema upya. Mwanangu akawa anabonyeza "weka", na kutoka Changamwe kila mara likarudi jibu kwamba mama huyu amewekwa. Tuliendelea hivyo hadi adhana ya alasiri.